Eti "Ni Kuchomeka Tu"

Aliyeanzisha huu uongo kwamba kuunda kompyuta ya mezani ni "kuchomeka tu, kila kitu kina mahali pake" natamani nimpate. Simtakii mabaya. Nataka tu apige magoti chini ya meza saa nane za usiku, tochi ya simu mdomoni, anioneshe kale kawaya kalikoandikwa POWER LED kanakaa wapi. Maana kila kitu kina mahali pake kweli, hilo sibishi. Ila hii mashine ina tabia za kinyumenyume. Pale unapoogopa hata kugusa ndipo inataka ubonyeze kwa nguvu zote, na pale unapojiona mbabe ndipo inataka uguse kama unamvisha mtoto mchanga soksi. Na hakuna anayekuambia kipi ni kipi mpaka umeshavunja kimoja.

Maumivu yanaanza hata bisibisi haijatoka kabatini. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, na mazabodi, ile bodi kuu inayobeba kila kitu, lazima zielewane soketi, kile kiota cha prosesa, na hazina mjadala. AM4, soketi ya kampuni ya AMD, ina matundu ya pini 1,331 na pini zenyewe zimo chini ya prosesa. AM5 imezihamishia pini kwenye mazabodi, zimefika 1,718. Hata uibembeleze vipi, ya huku haiingii kule. Halafu RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine. DDR4 na DDR5, vizazi vyake viwili, zina urefu uleule, zote zina pini 288, ukizitupa mezani usiku huzitofautishi. Kilichohamishwa ni kale kapengo ka chini, milimita chache tu, ili mradi mtu aliyerithi RAM ya zamani asimame pale akisukuma kitu kisichotaka kuingia. Kapengo kasipokaa sawa, acha. Hiyo si sehemu ya kuonesha misuli.

Tena kuna herufi. Prosesa ya Intel yenye F mwishoni mwa jina haina sehemu ya kutoa picha. Herufi moja! Mtu anaona bei imepungua anashangilia, kumbe bila kadi ya picha amenunua redio isiyo na spika. Kwenye Ryzen, prosesa za AMD, za familia ya 5000 mambo yamegeuka: huko zenye picha ni zile zenye G. Kwa hiyo wengine wanaandika herufi ukiwa umekosa kitu, wengine wanaandika ukiwa umepata. Hivi hawa watu hawawezi kukaa kikao kimoja wakakubaliana?

Na kesi. Lile kasha watu wanaliita kesi, na wala hawakukosea, kwa sababu ni kesi kwelikweli, tena ya kuahirishwa kila siku. Kwenye boksi imeandikwa inapokea kadi ya picha ya milimita 360. Unanunua ya 320, umejiachia nafasi, unajiona mtu mwenye mipango. Ambacho boksi halikukutajia ni kwamba ile 360 ni kabla hujaweka rejeta ya maji ya kupozea prosesa pale mbele. Rejeta ya kawaida ina unene wa milimita 27, feni zake 25, jumla 52. Toa kwenye 360, umebaki na 308. Kadi yako ni 320. Hukumu imesomwa.

Haya, tuseme umenunua vizuri. Kaa na mazabodi juu ya boksi lake la karatasi ngumu, usiiwahishe kwenye kesi. Gusa chuma kitupu kwanza ili umeme tuli uliotoka kwenye zulia uondoke mwilini. Sasa prosesa: hii HAIBONYEZWI. Tafuta kipembetatu kidogo kwenye kona, kilinganishe na mwenzake wa kwenye soketi, iweke, iache ikae kwa uzito wake. Ukiisukuma na pini zikapinda, utazinyoosha kwa ncha ya sindano huku jasho linakutoka, na uwezekano wa kufaulu ni mdogo. Kisha, baada ya upole wote huo, unaambiwa ushushe mkono wa chuma wa kuibana. Kwenye soketi za pini zilizo upande wa mazabodi huo mkono ni mgumu ajabu, na unatoa mlio kama mtu anasaga changarawe. Kila mtu anaacha katikati akidhani ameua. Hujaua. Endelea. Kile kifuniko cha plastiki cha soketi kitaruka chenyewe. Kihifadhi, kwani ukiirudisha mazabodi kwenye waranti bila kifuniko watakuangalia kwa jicho baya.

RAM nayo inataka nguvu. Kama una vipande viwili na sloti nne, weka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kwa nini si ya kwanza na ya tatu kama watu wenye akili timamu? Kwa sababu njia za umeme zimechorwa kuishia kwenye hizo mbili za mbali, na ukiacha mwisho wa njia wazi mawimbi yanarudi yakivurugana, kasi inashuka au mashine inagoma kabisa. Bonyeza ncha zote mbili mpaka isikike ta! Mazabodi itapinda kidogo, moyo wako utapinda zaidi. Ila RAM iliyoingia nusu ndiyo inayoongoza kwa kuleta skrini nyeusi, na ukiitazama kwa juu inaonekana imekaa kama bibi harusi.

Pesti ya joto sasa, ile ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipoza. Kila anayekushauri anasema "weka kiasi cha njegere". Njegere ipi? Kavu au iliyolowekwa? Ni kavu, katikati ya prosesa, kisha kipoza joto chenyewe ndicho kitakachoisambaza kikigandamizwa. Ukizidisha kidogo itamwagika pembeni ukapate kazi ya kufuta. Ukipunguza sana patabaki sehemu kavu na joto litakosa njia. Kama kipoza kilichokuja na prosesa tayari kina pesti ya kijivu chini yake, usiongeze ya kwako. Skrubu zake kaza kwa msalaba, kona hii kisha ya mkabala wake, mizunguko miwili mitatu kwa zamu, la sivyo upande mmoja utakaa juu kama kiti kibovu. Na kabla ya yote hayo, bandua karatasi ya nailoni iliyo chini ya kipoza. Imeandikwa "bandua kabla ya kufunga", kwa herufi za ukubwa wa chawa, upande ambao hutauona ukishafunga. Mtu anawasha, prosesa inapanda nyuzi 95, inajipunguza kasi yenyewe kujiokoa, naye anaanza kulaumu feni.

SSD ya M.2, diski nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, ni jambo dogo, lakini ina vituko vyake. Unaichomeka kwa mshazari, inabaki imeinua mkia juu kama imevunjika. Ndivyo ilivyo. Iinamishe kwa kidole, ishikilie, uibane kwa skrubu ya M2, ambayo ni ndogo kuliko punje ya mchele na inapenda kujificha. Tumia bisibisi yenye sumaku. SSD haihifadhi kitu kwa sumaku, kwa hiyo wanaokutisha wanaiwazia diski ya zamani, na hata hiyo isingeharibika kwa kincha cha bisibisi.

Ndipo kuingiza mazabodi ndani ya kesi. Je, bati la nyuma, lile lenye matundu ya USB, umeliweka? Mazabodi nyingi za sasa linakuja limeshikana nayo. Kama lako limekuja peke yake kwenye nailoni, hilo linatangulia, linabonyezwa kutoka ndani, na kingo zake zinachana vidole kama wembe. Wengi hulikumbuka wakishakaza skrubu tisa. Kuhusu hizo skrubu: chini ya kila moja panatakiwa kinguzo cha shaba. Mazabodi ya ATX ni milimita 305 kwa 244, ya micro-ATX ni 244 kwa 244, kwa hiyo vinguzo havikai mahali palepale. Ukiacha kimoja kimesimama pasipo na tundu, kitagusa lehemu za nyuma ya mazabodi, umeme utapita njia ya mkato, na mashine itakaa kimya kama maji ya mtungi. Au itawaka sekunde moja na kuzima, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu inakupa matumaini.

Nyaya za umeme. Ule mnene wa pini 24 hauna shida zaidi ya ugumu wake. Wa prosesa una pini 8 zinazogawanyika nne kwa nne, na wa kadi ya picha una 8 zinazogawanyika sita kwa mbili. Vinafanana kama mapacha, ila maumbo ya meno yake ni tofauti, na ukikuta haukubali ujue umeshika pacha asiye wake. Wa prosesa unakwenda kule kona ya juu kushoto, kwenye upenyo ambao kidole hakifiki, basi upitishe kabla hujakaza mazabodi. Wale wenye kadi za waya mmoja wa pini 16: sukuma mpaka pasibaki mwanya hata wa ukucha, na usiukunje karibu na kichwa. Tangu 2022 zimeonekana vichwa vilivyoyeyuka kwa sababu ya kuingia nusu.

Hapa naacha utani kidogo. Kama pawa saplai yako, kile kisanduku cha kugawa umeme, ina nyaya za kuchomoa, usichanganye nyaya za pawa saplai nyingine hata kama zinaingia vizuri. Upande wa kwenye mazabodi na diski una kanuni moja dunia nzima. Upande wa kwenye pawa saplai hauna. Kila mtengenezaji amepanga anavyojua. Volti 12 zikifika palipotakiwa 5, diski imekwenda na mafaili yake yote. Wakati mwingine hata matoleo mawili ya mtengenezaji mmoja hayafanani.

Baada ya kuyashinda hayo yote yanakuja yale manyaya membamba ya mbele ya kesi, yaliyoundwa na mtu asiye na vidole. Kuna pini tisa, safu mbili, ya kumi imeng'olewa makusudi ili ujue upande. Kila kijiti ni chembamba kuliko cha kibiriti, na kiko chini kabisa, kwenye kivuli cha kadi ya picha. Unashika POWER SW, unakilenga, kinaingia. Unashika RESET SW, unakilenga, POWER SW kinatoka. Swichi hazijali chanya na hasi, chomeka vyovyote. Taa ndizo zinazojali, na ukizigeuza haziungui, hazitawaka tu. Hivyo kama umechoka, chomeka POWER SW peke yake mengine yasubiri. Hata kitufe si lazima: gusanisha pini mbili za POWER SW kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde, na mashine itawaka.

Itawaka, kama ile swichi ya nyuma ya pawa saplai iko kwenye I na si kwenye O. Na waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi ya picha, si kwenye mazabodi. Watu wamefumua kompyuta nzima kwa ajili ya hayo mawili. Kama una DDR5, mara ya kwanza skrini itabaki nyeusi dakika kadhaa, kwa sababu mazabodi inaipima RAM yako taratibu kama mshonaji. Usizime! Ukizima inaanza upya, nawe unaanza upya kuhema. Tazama vitaa vinne vidogo pembeni, CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kilichoganda ndicho chenye lalamiko.

Ikishawaka, ingia BIOS, ukurasa wa mipangilio ya mazabodi. RAM uliyoilipia kasi ya 6000 utaikuta inatembea 4800, kwa kuwa hakuna aliyeiambia ikimbie. Washa EXPO au XMP, mpangilio unaoiruhusu ifike kasi hiyo. Ndani ya Windows, skrini ya hezi 144, yaani ya kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, utaikuta kwenye 60. SSD ya terabaiti 1 Windows itakwambia ni gigabaiti 931, na hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Halafu Windows 11 itakuomba intaneti ili ikamilishe usakinishaji, wakati draiva ya waifai, ile programu ya kuiendesha, haimo, na draiva inapakuliwa intaneti. Ndiyo maana draiva ya mtandao inawekwa kwenye flashi mapema, kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Mwisho unafunga kioo cha pembeni. Skrubu nne, taratibu, kisha unabandua nailoni yake, raha yake hata siisemi. Unarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Unachomeka hedifoni pale mbele. Kimya. Ni ule waya wa HD AUDIO, ambao unakaa kona ya chini kushoto kabisa, chini ya kadi ya picha. Kadi haitoki bila kubonyeza klipu ya sloti yake, na klipu hiyo nayo imefunikwa na kadi.