Tring: nani anastahili kulala karibu na reli?

Stesheni ya Tring, mji mdogo wa Uingereza, haiko Tring. Ukitoka stesheni ya Euston, London, treni hukushusha baada ya dakika arobaini hivi, na unachokiona ni maegesho ya magari, nyumba chache na mashamba. Mji wenyewe, wenye watu wapatao 12,000, uko mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mashamba hayo ya katikati ndiyo yanayogombewa.

Reli ilifika hapa Oktoba 1837, vibarua walipokwisha kupasua kilima cha chokaa kwa urefu wa kilomita nne hivi. Leo wengi hulala Tring na kufanya kazi London. Sioni aibu katika hilo. Mshahara wa London ukitumika kwenye maduka na mikahawa ya Tring, mtu wa Tring anapata ajira. Lakini mshahara huohuo ndio unaonunua nyumba, na hapo mhudumu wa wazee au msaidizi wa mwalimu hana ubavu wa kushindana. Anafanya kazi Tring, analala kwingine.

Ndipo wajenzi walipoomba kuweka nyumba 1,400 huko Marshcroft, kwenye mashamba ya upande wa stesheni, nyingine zikiwa za bei nafuu. Ardhi hiyo imo katika ukanda unaoizunguka London ambao sheria inazuia usijengwe ovyo. Halmashauri ya Dacorum, ambayo Tring imo ndani yake, ilikataa, na mwaka 2024 serikali kuu ikaitupa rufaa.

Wapinzani wa mradi huitwa wachoyo. Wapo, ila si wote. Mji huu una vilima vya Chilterns, mfereji wa Grand Union, na makumbusho ya wanyama yaliyofunguliwa mwaka 1892 na Walter Rothschild, tajiri aliyefunga pundamilia kwenye kigari chake. Twiga wa Rothschild wa Uganda na Kenya wana jina lake. Katika miaka ya 1970 barabara ya A41 ilikatiza shamba la kifahari la ukoo wake, Tring Park. Watu walioona ardhi ikikatwa namna hiyo wana haki ya kuuliza wajenzi wataishia wapi. Nyumba 1,400 kwa mji mdogo kiasi hiki ni mji mwingine ubavuni mwake.

Hata hivyo, kama ni lazima kujenga, mtu hawezi kunishawishi kwamba pana mahali pafaapo kuliko jirani na reli iliyokwisha kulipiwa kwa jasho. Kinachonisumbua ni mnunuzi. Nyumba zikiuzwa sokoni kama kawaida, zitakwenda kwa abiria wapya wa Euston, na mhudumu wa wazee ataendelea kuingia mjini alfajiri kwa basi. Ningeunga mkono mradi mdogo zaidi, ambamo nyumba nyingi ni za kupangishwa kwa kodi nafuu kwa wanaofanya kazi Tring, na sharti hilo liandikwe kwenye kibali chenyewe.