Jua la Dirishani, Lakini la Saa Ngapi?

Mwulize mtu anayetafuta nyumba ghorofani kama anataka jua, atasema ndiyo. Rudi baada ya mwaka, kama alipata chumba kinachotazama magharibi kwenye mji wa joto, utakuta pazia zito limefungwa tangu adhuhuri. Hakudanganya. Alitaka mwanga, akapewa jua.

Sheria nazo zimegawanyika hapohapo. Uingereza, kwa sheria ya 1832, dirisha lililopata mwanga kwa miaka 20 linaweza kulindwa dhidi ya jengo jipya la jirani. Kinacholindwa ni mwanga, si miale. Japani walidai jua lenyewe: mwaka 1972 mahakama ya juu kabisa nchini humo ilikubali kwamba aliyezibiwa jua anaweza kulipwa fidia, na 1976 sheria ya ujenzi ikawekewa mipaka ya kivuli.

Wanaopinga masharti haya wana hoja nzito. Beijing, adhuhuri ya siku fupi kuliko zote, jua hupanda nyuzi 27 tu, hivyo jengo la mita 30 hutupa kivuli cha mita 60 hivi. Ukitaka kila nyumba ipate jua siku hiyo, lazima uyatenganishe majengo, na nafasi hiyo ni nyumba ambazo hazitajengwa. Aliyekwisha kupata nyumba huenda mkutanoni kulitetea dirisha lake. Aliyezikosa hizo hajulikani hata ni nani.

Hata hivyo siwafuati wanaosema taa inatosha. Chumba kisichoona jua hukaa na unyevu, nguo hazikauki, na mwili hupoteza hesabu ya mchana na usiku. (Vitamini D tuiache: kioo huzuia karibu miale yote inayoitengeneza.)

Kosa ni kunakili kanuni ya nchi ya baridi. Kwenye ikweta, adhuhuri, kivuli cha jengo lilelile la mita 30 hakizidi mita 13 hivi mwaka mzima. Huko adui ni kuta za mashariki na magharibi, ambazo jua hulala juu yake asubuhi na jioni. Madirisha yatazame kaskazini na kusini, yawekewe vibaraza vya kukinga, na majengo yanaweza kukaribiana zaidi, mradi upepo upite na ghorofa ya chini ione kipande cha anga. Anayeishi huko chini ndiye ningeanza kumuuliza, kabla ya yule wa ghorofa ya kumi.