Anaimba, ila hasikii kitu

Kwenye kwaya yetu huku Kilolo, mkoani Iringa, kuna mzee wa besi ambaye hakuwahi kukosa mazoezi. Kifuku kilichopita, yaani msimu wa mvua, aliendelea kuja, lakini mdomo ukawa unachezacheza tu. Nilipomuuliza, alijibu, "Naimba, ila sisikii kitu." Hakuwa akilia. Tukasema ni uchovu, wengine wakataka aombewe.

Tumezoea kuitafuta sonona, ule ugonjwa wa akili ambao wengine huuita "depression", kwenye machozi. Kumbe kitabibu ina milango miwili: huzuni, au kupotewa na hamu na raha kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na dalili nyingine kama usingizi kuvurugika na kujiona hufai. Mtu anaweza kupitia mlango wa pili bila chozi hata moja. Tena tafiti zimeonyesha kwamba asiyeonja raha tena huandamwa zaidi na mawazo ya kujiua, hata ukiuweka kando uzito wa sonona yenyewe. Hilo halinishangazi. Wimbo wa Jumapili au mjukuu anayekukimbilia ndivyo vinavyomfanya mtu aitamani kesho.

Wanaosita kuipa dalili hii uzito nao wana hoja. Wengi waliopoteza raha hawajiui. Mwaka 2017, watafiti nchini Marekani waliopitia tafiti 365 za miaka 50 walikuta hakuna dalili iliyotabiri kujiua kwa kiasi kikubwa kuliko kubahatisha. Isitoshe, upungufu wa damu au ulevi humwondolea mtu hamu vilevile.

Nakubali, hatuwezi kutabiri. Kuuliza je? Kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Kinachoniuma ni ule utani wetu wa Iringa kwamba kujiua ni hulka ya Wahehe. Ukishaifanya hulka ya kabila, nani atampeleka mgonjwa zahanati? Na sheria nayo inaongeza ukimya: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Mtu anaogopa aibu, anaogopa na polisi.

Mzee wetu alipelekwa na mkewe. Daktari alipomuuliza moja kwa moja, alikiri kwamba mawazo hayo alikuwa nayo tangu palizi. Huu ni mwezi wa nne yuko kwenye dawa. Jumapili iliyopita tulipotoka nje ya sauti, alikunja uso, akainua mkono, akataka turudie ubeti.