Ilikuwa nyama YA mbwa, sio nyama ya MBWA

Wadau, kabla hamjaendelea kunibwekea inboksi naomba dakika tano. Jamaa yangu wa bajaji kashaandika kwenye grupu kwamba "kijana wa Mwanga hapa Kigoma kalisha wageni nyama ya mbwa", na shida ni kwamba kwa Kiswahili hajadanganya hata neno moja. Stanley alimsaka Livingstone miezi kibao ndo akamkuta Ujiji, 1871. Hii stori imefika Ujiji kwa bajaji, nusu saa.

Iko hivi. Jumamosi mama mwenye nyumba alikuwa na kipaimara cha kitindamimba wake, na jioni akanipa kopo la siagi limejaa nyama iliyobaki jikoni, nyama safi haijaguswa na mtu, akaniambia mwanangu weka kwenye friji ya koridoni utakula kesho. Nikaliweka. Sikuuliza kopo la pili la njano pale pembeni ni la nani, maana friji ya wapangaji sita ukianza kuuliza utakosana na watu.

Basi usiku huohuo nikajiona mpishi. Nikaloweka maharage ya njano ya Kasulu, kilo nzima, nikaalika watu watatu waje Jumapili mchana wale supu nzito, na mmoja wao, sitaki maswali, ni shemeji yenu mtarajiwa. Asubuhi nikamwaga yale maji, nikabandika kwenye jiko la mkaa masaa mawili, nyanya sijagusa mpaka maharage yameiva kabisa (ukiwahisha nyanya maharage yanagoma, hiyo chukueni bure), kitunguu, karoti, mawese vijiko viwili, nyumba nzima inanukia. Nyama inaingia mwisho kwa kuwa imeshaiva. Nikaenda kwenye friji, umeme hakuna, koridoni giza, nikashika kopo la njano nikamimina lote kwenye sufuria. Niliona mifupa imezidi kidogo, ila nikajisemea nyama ya mfupa ndo yenye supu.

Wamekuja, wamekula, wamesifia. Mtarajiwa kaongeza bakuli la pili!! Hapo mimi nishafika mbali, nishaanza kupanga mahari kichwani.

Mara akaacha kutafuna.

Jamani. Nauona ulimi wake unatembea ndani ya shavu la kushoto, unahamia la kulia, unatafuta kitu. Macho kayatoa kwenye bakuli kayaleta kwangu. Akaingiza vidole viwili mdomoni, taratiiibu, akatoa kijiti cha meno. Kizima, na ncha moja imetafunwatafunwa. Akakiweka ukingoni mwa bakuli kwa adabu kabisa, kama mtu anayeweka ushahidi mahakamani.

Kimya. Na mimi, sijui nilishikwa na nini, nikasema, "Huo ni mdalasini."

Jamaa wa bajaji akakiinua akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Mdalasini wa kuchongwa?" Afu akachungulia bakuli lake, akakoroga, akaibuka na kipande cha tishu ya zambarau. Zambarau, wadau. Rangi ya sherehe ya jana.

Na hapohapo, nje, sauti ya mama mwenye nyumba: "Nyie watoto, nani katoa kopo la Kamanda kwenye friji?"

"Kamanda ndo nani?" mtarajiwa akaniuliza, kwa sauti ya chini sana.

Sikuwahi kujibu. Kamanda kasikia jina lake, kaingia mwenyewe, mkia juu, akaketi katikati ya chumba akawa anaangalia mabakuli moja moja, yangu, lake, la jamaa, kama mtu anahesabu hasara. Mama naye akatokea mlangoni, akaona kijiti, akashika kichwa. "Mungu wangu, mwanangu! Yale makombo nilikusanya kwenye sahani za watu!"

Yaliyofuata tuyapitishe haraka: mmoja alikimbilia chooni, mtarajiwa kaaga "asante kwa chakula" na tangu juzi meseji zangu zinapigwa tiki tu, jamaa wa bajaji kacheka mpaka kakaa chini, afu ndo akatoa simu. Nilijitetea kwamba imechemka nusu saa nzima. Utetezi haukupokelewa.

Kinachoniuma zaidi ni kopo langu. Mama mwenye nyumba ni mtu wa haki, kaona mbwa kadhulumiwa, akamfidia kwa lile lililobaki kwenye friji. Steki zote. Hata mifupa haikuwepo.

Na sasa hivi naandika hapa nimewasha jiko nichemshe uji tu, Kamanda huyo mlangoni, kaketi, ananisubiri kama mtu wa marejesho.