Marehemu wa Kwenye Kirikuu

Kuli mkubwa, ambaye wenzake walimwita Kapteni, aliizunguka piano mara moja, akaigonga ubavuni kwa kidole kama mtu anayechagua nazi, akaniuliza, "Bosi, humu ndani kuna nini?"

"Hamna kitu," nikamjibu. "Nyimbo tu."

"Kama ni nyimbo, elfu 40 inatutosha."

Jibu langu lile lilikuja kunitokea puani. Ndani ya piano ya kusimama, hasa hizi za zamani, kuna fremu ya chuma iliyomiminwa kipande kimoja, na juu yake zimekazwa nyuzi zaidi ya 200. Nyuzi hizo zikijumlishwa zinavuta kwa nguvu ya tani 15 na ushee, ndiyo maana mbao peke yake haiwezi kuzistahimili. Haya nayasema leo kwa kujiamini. Siku ile mimi nilikuwa mpiga kinanda cha umeme wa kwaya, chombo ninachokibeba kwapani nikiwa nakimbilia daladala, na nilidhani piano ni kitu hichohicho kilichovalishwa kabati.

Niliinunua kwa bei ya kuokota kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Upanga, mama aliyekuwa anahama kwenda kuishi na mwanawe. Aliniambia, "Mwanangu, pesa si hoja. Niapie tu kwamba hutaweka televisheni juu yake." Nikaapa. Akanipa ufunguo mdogo wa shaba wa kufungia kifuniko cha vibonye, akanisisitiza mara mbili nikifunge kabla ya safari. Nikautia mfukoni. Wewe unayesoma ukumbuke huo ufunguo, maana mimi niliusahau.

Piano ilikuwa ghorofa ya kwanza. Makuli wanne, ngazi 19, na kona katikati. Walipoinyanyua mara ya kwanza Kapteni alinitazama bila kusema neno, jicho la mtu aliyeuziwa simu akakuta ndani ni sabuni. Ngazi ya tatu ndipo akasema, akihema, "Bosi, nyimbo gani hizi?" Kila ngazi moja piano iliguna, duuum, kama ng'ombe anayeota ndoto mbaya.

Kwenye kona ikakwama. Dada mmoja alikuwa anapanda na ndoo ya maji, kijana mwingine anashuka kuwahi kazini, na wote wakageuka mafundi. Mmoja anasema izungusheni, mwingine anasema irudisheni juu, mtoto wa jirani anashauri ikatwe vipande viwili. Kapteni akaamua ilazwe chali. Katika kuilaza, mguu mmoja wa mbele, vile vimiguu vya urembo vilivyo chini ya vibonye, ukakatika kwa mlio mkavu kama muhogo. Kapteni akauokota, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Huu shika mwenyewe."

Mwalimu hakuweza kuendelea kutazama. Alirudi ndani, kisha akaturushia mapazia yake mawili ya kijani. "Ifunikeni isichubuke!" Tukaifunika vizuri, tukachomeka ncha chini.

Sasa jiweke mahali pa wale wazee waliokuwa wanakunywa kahawa kibarazani. Mlango unafunguka. Wanatoka wanaume wanne, nyuso zimekunjamana, jasho linatiririka, wamebeba kitu kirefu kimelala chali, kimefunikwa kitambaa cha kijani. Nyuma yao mimi, kichwa chini, shati jeusi. Kwetu jeneza likipita huulizi maswali. Unatia mkono hatua kadhaa, thawabu unaipata, unarudi kwenye kahawa yako. Wazee wakaacha vikombe wakaja. Dereva wa bodaboda akaegesha akaja. Muuza machungwa naye akaja. Kufika kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tulikuwa watu tisa, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile piano ilikuwa inabebeka.

Mzee mmoja akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini, "Marehemu ni nani?"

Nikafungua mdomo nieleze. Kapteni akanikanyaga mguu. "Mtu mzima, mzee wangu. Miaka themanini na kitu."

Na uongo hakusema. Mwalimu mwenyewe alituambia piano ile ni kubwa kwake kwa umri.

"Mwili nao alikuwa nao," mzee akasema, akijifuta jasho.

Kwangu ni Kigamboni, ng'ambo ya maji, kwa hiyo nilimwomba dereva tupite Daraja la Nyerere, lile la Kurasini lililofunguliwa mwaka 2016. Akasema huko ni kuzunguka, na kuna tozo, na tozo haikuwa kwenye mapatano. Pantoni je? Pantoni hii hapa Magogoni, dakika chache tuko Kigamboni. Nikakubali. Ubahili ni ugonjwa, na mimi ninao tangu utotoni.

Foleni ya magari ilikuwa imefika mbali. Dereva akaitazama, akatazama nyuma kwenye bodi, ambako makuli wanne wamekaa wameizunguka piano, kila mmoja ameweka kiganja juu ya pazia ili isicheze. Akawasha taa zote za gari. Hakupiga honi. Akaanza kusogea polepole pembeni mwa foleni, na watu wakaanza kupisha. Mwenye lori kapisha. Mwenye gari la kifahari kapisha, na kioo kashusha kutupa pole. Mimi sikudanganya mtu. Nilitazama chini tu, nimeukumbatia ule mguu.

Pantoni ilipoondoka nilishuka kunyoosha mgongo, na hapo akanijia mama mmoja aliyetoka soko la Feri na ndoo ya samaki. Aliutazama mguu wa mbao mikononi mwangu kwa huruma nyingi.

"Masikini. Kumbe alikuwa na mguu wa bandia."

Kapteni akadakia kutoka juu ya bodi, "Wa pili tunao huku."

Mama akatikisa kichwa, akafungua fundo la kanga, akanishindilia elfu 2 kiganjani. Nikamrudishia. Akakataa. "Rambirambi hairudishwi, mwanangu. Kanunulie hata sukari." Nilibaki nimeishika ile noti, nikitamani bahari ipande inichukue.

Hapo likaja wimbi. Naomba nieleze kidogo, maana jambo hili nilielezwa baadaye na fundi. Piano ya kusimama ina vinyundo vinavyogonga nyuzi kisha vinarudi nyuma. Ikilazwa chali, vinyundo vinaziangukia nyuzi na kuziegemea. Nyuzi nyingi zina vizuizi vya kunyamazisha sauti, lakini zile nyembamba za juu kabisa hazina. Kwa hiyo pantoni ilipotikisika, chini ya pazia la kijani ikasikika waziwazi: tlin-tlin-tliiin.

Mama wa samaki akaganda.

"Hiyo nini?"

"Simu," Kapteni akasema.

"Simu ya nani?"

"Yake."

"Mnamzika nayo?"

"Aliusia."

Upande wa Kigamboni tulikuta maji yamekupwa. Kwa mwenda kwa miguu maana yake ni kupanda mwinuko mrefu kidogo. Kwa kirikuu kizee chenye makuli wanne na piano ni habari nyingine. Dereva akakanyaga mafuta, gari likanguruma, likaruka mbele kama mbuzi, likazima. Mlango wa nyuma wa bodi ulikuwa umefungwa kwa kamba ya manila. Nikaisikia inakatika kabla sijaiona.

Piano ikateleza. Ilitoka miguu mbele, taratibu, kwa heshima zake zote, mapazia yakabaki mikononi mwa makuli. Ikatua chini kwenye zege kwa ncha, ikabaki imeegemea bodi la gari, nusu imesimama. Sauti iliyotoka pale sijawahi kuisikia tena. Vibonye vyote 88 kwa mpigo mmoja. Ndege waliruka kwenye miembe ya ng'ambo.

Kina mama wakapiga ukunga. Mtu mmoja alipaza sauti, "Marehemu kaanguka!" Watu wakakimbia, nusu yao kuja, nusu kutoroka. Na katika ule ukimya uliofuata, kifuniko nilichotakiwa kukifunga kwa ufunguo wa shaba, ulio mfukoni mwangu mpaka dakika hiyo, kikafunguka chenyewe. Vikatokeza vibonye vyeupe 52, vimepangana kutoka upande mmoja mpaka mwingine, vinang'aa juani.

Mzee mmoja mwenye kofia aliinama, akachungulia, akajiinua.

"Subhanallah. Huyu kafa anacheka."

Sitaficha kwamba niliogopa. Mwenye lori alikuwa ameshashuka. "Yaani mimi nimepisha piano?" Aliuliza mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Nikamtafuta mama wa samaki, nikampelekea elfu 2 yake kwa mikono inayotetemeka.

"Sitaki," akasema. "Ipigie."

"Shikamoo mama, sijakuelewa."

"Hiyo elfu 2. Ipigie wimbo."

Basi nikapiga. Nilichuchumaa kwenye zege la gati ya pantoni, vibonye vimeelekea mbinguni, nikapiga wimbo wa harusi tunaoimba kwaya yetu. Theluthi ya vibonye vilikuwa vikibonyea havirudi, inabidi nivinyanyue kwa kidole kidogo huku naendelea. Kufika kiitikio mwenye lori alikuwa anaitikia. Mama wa samaki alicheza na ndoo yake kichwani, hakumwaga hata tone. Tungemaliza beti zote kama mhudumu wa pantoni hangekuja juu na filimbi kwamba tumezuia chombo cha serikali. Watu kumi na kitu wakainyanyua, safari hii wakijua wanabeba nini, na wakalalamika zaidi kuliko walipodhani ni maiti.

Ya nyumbani sina haja ya kuyarefusha. Mchanga wa Mjimwema uliyameza yale magurudumu madogo ya chini. Mke wangu alisimama mlangoni, akauliza swali moja: "Baba Neema, huo mguu mwingine uko wapi?"

Fundi alikuja wiki iliyofuata, mzee mtaratibu, na tochi yake. Alichungulia ndani muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akasema nimefanya kila kisichofanywa, tena kwa mpangilio mzuri. Piano hubebwa imesimama, si chali. Huzungushiwa mablanketi, kifuniko kikafungwa kwanza, ikafungwa mikanda, ikapandishwa kwenye kibao chenye magurudumu imara. Uzito wake mwingi uko mgongoni, kwa hiyo huangukia nyuma, na kwenye ngazi hakuna anayetakiwa kusimama pale itakapoangukia. Yale magurudumu yake madogo ni ya kuisogeza ukifagia. Kilo ngapi? Kama 250, akakadiria. Nilifanya kosa la kumpigia Kapteni kumsimulia, na akadai nyongeza palepale: elfu 40 ilikuwa bei ya nyimbo.

Fremu ilikuwa nzima, mguu utagundishwa. Ila kuiweka sauti sawa, fundi alikataa kuigusa siku ile. Alisema mbao zimetoka hewa ya Upanga zimekuja kwenye unyevu wa baharini, aziache zizoee wiki tatu hivi. Kisha akasafiri, wiki tatu zikawa tano.

Huku nyuma mimi navuka kwa pantoni kila siku, nauli 200, na kila siku yule mhudumu wa filimbi ananiuliza mbele za watu, "Arobaini lini?"

Juzi fundi amepiga simu: anakuja Jumamosi. Nimehesabu, Jumamosi ni siku ya 38. Nimemwomba asogeze mpaka Jumatatu, maana mama wa samaki ameshaulizia kama pilau itakuwa ya nyama au ya kuku.