Kwenye Prado Tunaona Aibu Kuomba Punguzo

Mtu yule yule anayebishana na muuza vitenge Kariakoo kwa ajili ya shilingi elfu mbili, akifika yadi ya magari na kutajiwa milioni 110 anaitikia kwa kichwa kama kaambiwa saa. Hesabu anazijua vizuri. Kinachomziba mdomo ni aibu. Gari la kifahari linanunuliwa kwa ajili ya heshima, na mwenye yadi anajua hivyo kuliko wewe. Ndiyo maana kuna kiti cha ngozi, maji baridi na "bosi" kila baada ya maneno mawili. Bosi ataombaje apunguziwe?

Mimi nasema aombe, na aombe akiwa na karatasi mkononi. "Punguza kidogo basi" haimtishi mtu anayeuza magari kila wiki. Kinachomtisha ni mnunuzi anayejua bei yake imetoka wapi.

Na sehemu kubwa ya bei hiyo iko wazi kwa yeyote mwenye simu. Tovuti ya TRA, yaani mamlaka ya mapato, ina kikokotoo cha magari yaliyotumika: unachagua aina, modeli, mwaka na ukubwa wa injini, nacho kinakuonyesha thamani wanayoitambua wao na kodi zake. Tuseme gari la cc 2,700 limethaminiwa dola 10,000 hadi linafika bandarini Dar es Salaam. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 2,500. Injini inayozidi cc 2,000 inalipiwa ushuru wa bidhaa asilimia 10 ya thamani ukijumlisha na ushuru huo: 1,250. Likiwa limepita miaka 10, kuna asilimia 30 nyingine ya uchakavu: 3,750. Juu ya yote hayo inakuja VAT ya asilimia 18: 3,150. Kodi hizo nne tu ni dola 10,650, kabla ya tozo ndogo ndogo. Kodi imeipita bei ya gari.

Sasa lirudishe gari hilo hilo kwenye miaka 7. Thamani yake ingepanda, lakini tuiache palepale kwa ajili ya hesabu. Ule uchakavu unafutika, VAT nayo inashuka, na kodi zile zinabaki dola 6,225. Kwa hiyo swali la kwanza yadini ni mwaka wa kutengenezwa. Rangi na "sunroof" vitasubiri. Na usidanganyike na namba mpya ya E: herufi ya namba inakueleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi lilitoka kiwandani lini.

Ukishajua kodi, angalia wauzaji wa Japani kama BE FORWARD na SBT wanaliuza kiasi gani gari la aina hiyo, nauli ya meli hadi Dar ikiwemo. Ongeza gharama za bandari na wakala wa forodha. Kinachobaki juu ni faida ya mwenye yadi, na faida ni haki yake: yeye ndiye aliyefungia mtaji wake miezi kadhaa, wewe umelikuta gari limeshafika, unaligusa, unaliwasha. Bishaneni ukubwa wa faida hiyo. Akikwambia "kodi imepanda, bosi", fungua kikokotoo mbele yake kwa adabu. Akikutajia bei kwa dola, mkumbushe kuwa kanuni za mwaka 2025 zinataka bei za ndani zitajwe kwa shilingi.

Halafu omba karatasi ya mnada. Magari mengi yanayotoka Japani yamepita mnadani, na huko yanakaguliwa na kupewa alama. 4 au 4.5 ni gari zuri. R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Kuna mchoro wa bodi wenye herufi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, na kilomita zimeandikwa pale pale. Ikiwa karatasi inasema kilomita 140,000 na dashibodi inasema 68,000, hapo hakuna cha kupunguziana, ondoka. Anayekwambia karatasi imepotea, mwombe namba ya chasisi. Zipo huduma za kulipia zinazoitafuta.

Si kila gari linabanwa kwa nguvu ile ile. Kwenye Prado au Land Cruiser mwenye yadi hana haraka, kwa sababu ukiondoka anakuja mwingine. Hapo ukipata milioni mbili tatu na matairi mapya, shukuru. Lakini Range Rover na BMW X5 kubwa wanunuzi wake ni wachache, bei zake zinaporomoka haraka, na fundi anayeijua vizuri mifumo yake ya hewa na umeme hapatikani kila gereji. Hapo bana kweli kweli. Nenda na fundi wako mwenye mashine ya kupimia, na kila kosa litakalosomeka ligeuze kuwa bei ya spea.

Dalali ni habari fupi: cha juu chake kiko ndani ya bei yako, hata kama anaapa kwamba analipwa na mwenye gari. Mkiweza, zungumzeni wote watatu mmekaa pamoja.

Kwa kulipa kidogo kidogo nina ugomvi kidogo. Kukodisha gari jipya kwa miaka mitatu na kulirudisha, kama wafanyavyo Marekani, kwetu kwa mtu binafsi ni nadra. Tulicho nacho ni mkopo wa benki au makubaliano na yadi yenyewe. Swali utakaloulizwa ni "unaweza kulipa ngapi kwa mwezi?" Usilijibu. Tuseme gari ni milioni 110, unatanguliza 60, na zilizobaki utalipa milioni 3 kwa mwezi kwa miezi 24. Milioni 3 inasikika kama kitu cha kawaida kwa mwenye mshahara mzuri, ila zidisha: ni milioni 72 kwa deni la milioni 50. Na muda wote huo kadi ya gari iko kabatini kwa anayekudai. Kubalianeni kwanza bei ya taslimu, iandikwe na kusainiwa, ndipo mguse habari ya miezi.