Kihisi cha pembe ya bawa: afunge, au fedha ziende kwenye mafuta?

Kwenye banda moja nje kidogo ya mji wa Tanga, ndugu yetu anajenga ndege ya viti viwili kwa mikono yake. Mabawa yako tayari, injini ingali ndani ya sanduku, na kila Jumapili baraza la pale hurudi kwenye hoja moja: afunge kihisi cha pembe ya bawa, yaani kifaa kinachopima bawa linaukabili upepo kwa pembe gani, au fedha hizo zinunue mafuta ya saa za mazoezi? Mzee mmoja, rubani mstaafu, anasema mafuta. Fundi mwenyewe anataka kihisi. Nimewasikiliza kwa miezi, na naona kila mmoja ana haki yake, ila mizani haikai sawa.

Wengi hudhani ndege huanguka kwa sababu imekwenda polepole mno. Kiini chake si mwendo. Bawa huacha kubeba linapoukabili upepo kwa pembe kubwa kuliko linavyoweza kustahimili, ambayo kwa ndege ndogo nyingi ni nyuzi kama 15 hadi 18. Hewa iliyokuwa ikiteleza juu ya bawa hubanduka, ndege ikazama. Marubani huita hali hiyo stoli. Aliyewahi kupanda ngalawa katika bahari yetu ameliona jambo hili bila kulisoma. Nahodha hana kipima mwendo. Hutazama tanga linavyokaa na upepo. Akikaza demani, ile kamba ya tanga, kupita kiasi, tanga hujaa na chombo hulala, lakini mwendo hufa.

Kwa hiyo kipima mwendo humpa rubani dalili tu. Chukua ndege inayostoli kwenye kilomita 80 kwa saa ikiwa imenyooka. Ikigeuka kwa mlalo wa nyuzi 45 bila kushuka, itastoli kwenye kilomita 95 hivi. Kwa nyuzi 60, kwenye 113. Ndege ile ile, mzigo ule ule. Hesabu hiyo rubani anatakiwa kuikumbuka kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua, yuko chini, upepo umemsukuma akapita mstari wa uwanja, naye anauvuta usukani ili arudi. Marubani wengi wamefia kwenye kona hiyo.

Kihisi hupima pembe yenyewe. Kipo cha kibendera kidogo kinachofuata upepo, na kipo cha mrija wenye matundu mawili, moja likitazama mbele na jingine likiinamia chini. Tofauti ya shinikizo kati yake hugeuzwa kuwa taa za rangi au mlio masikioni. Marekani, ambako ndege za kujengwa nyumbani ni nyingi, vifaa hivi hupatikana kuanzia dola mia kadhaa, na mwaka 2014 mamlaka ya anga ya huko ililegeza masharti ya kuvifunga hata kwenye ndege ndogo zilizotoka viwandani.

Mzee hapingi hata moja katika hayo. Neno lake ni kwamba taa haisukumi usukani mbele ili pua ishuke. Ukiwa mita 150 juu ya minazi, mkono usiozoea utavuta hata mlio ukilia, na anao ushahidi mzito. Mwaka 2009 ndege ya Air France ilianguka katika Bahari ya Atlantiki na watu 228. Ilishuka ikiwa katika stoli kwa zaidi ya dakika 3, tahadhari ikalia mara nyingi, na pua ikaendelea kuinuliwa. Fundi naye huishika ajali hiyo hiyo: baada yake wachunguzi wa Ufaransa walipendekeza ichunguzwe haja ya kuwaonyesha marubani pembe ya bawa moja kwa moja. Naona wote wawili wameisoma sawasawa.

Ajali za Boeing 737 MAX nazo hutajwa sana pale barazani, hasa ile ya Machi 2019 ya ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikija Nairobi na watu 157. Ni kweli kihisi cha pembe kilitoa taarifa za uongo. Lakini kilichoua ni mfumo uliopewa ruhusa ya kuisukuma pua chini kwa kutegemea kihisi kimoja. Cha ndugu yetu kitasema tu, na kisiunganishwe kamwe na chochote kinachogusa usukani.

Linalonitia wasiwasi zaidi liko hapa hapa nyumbani. Chumvi ya bahari hula kila chuma, masika huingiza maji kwenye matundu, na nyigu wa udongo hujenga ndani ya mrija wowote ulioachwa wazi siku mbili tatu. Mrija ukiziba, kifaa kinaweza kutangaza usalama usiokuwepo. Tena mrija uko kwenye bawa moja, na ndege inayogeuka kwa kuteleza pembeni haina pembe sawa mabawani. Ile golori ya mbele ya rubani inayoonyesha mteleo, na miguu kwenye kanyagio za mkia, hakuna kihisi kinachochukua nafasi yake.

Hata hivyo nimeegemea kwa fundi, kwa sababu ambayo hakuitaja yeye. Ndege ya kiwandani huja na namba zilizopimwa na wengine. Hii ya bandani ni ya pekee: uzito wake si ule wa kwenye mchoro, kipima mwendo chake kina makosa yake, na mwendo wake wa stoli haujulikani na mtu hadi apande nayo. Kihisi hakifanyi kazi mpaka kipimwe angani, juu sana, ndege ipelekwe stoli tena na tena, flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa, zikiwa juu, kisha zikiwa chini. Safari hizo ndizo mazoezi anayoyadai mzee. Mjenzi asiye na kihisi anaweza kujaribu stoli mara mbili, akaandika namba, asirudi tena.

Juzi nililisema hili barazani. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akataka fundi afanye kwanza saa 10 za stoli na mwalimu kwenye ndege ya mafunzo, kifaa kiwe cha mlio ili macho yabaki nje, na mrija uvikwe kofia yenye utepe mwekundu kila ndege inapolala. Fundi amekubali yote matatu. Kofia ameishona tayari, ingawa mrija wenyewe haujaagizwa.